Mshika Kamba Asiyeitwa kwa Jina

Mwisho wa Juni mwaka huu wa 1948, mshika kamba wa Utafiti wa Visima ataiweka kamba chini na kwenda kupumzika, baada ya miaka ishirini na mitano ya kazi. Sherehe ya kumuaga itafanyika hapa hapa uani kwetu, Mji wa Kale, Jumamosi baada ya alasiri. Nyote mwakaribishwa. Mtaona kwamba jina la mstaafu halimo katika karatasi hii. Si kosa la mpiga chapa. Nimeliacha kwa makusudi, na nawaomba msome mpaka mwisho kabla hamjaja.

Mimi sikusoma sana. Nilitoka Kavirondo kuja kubeba mizigo Kilindini, nikaishia visimani. Nimepewa kazi ya kuandika kwa sababu siku ile iliyo kubwa kuliko zote, kamba ilikuwa mikononi mwangu.

Mstaafu ni mwenyeji wa Mji wa Kale, na alianza kama mchukuzi wa maji. Alivijua visima vya mji mzima, vya misikiti na vya majumbani, kwa hiyo wakubwa wetu walimwajiri awaonyeshe njia. Leo wakubwa hao ni watatu. Bwana wa Maji hupima chumvi na kina, maana visima vya kisiwa hiki hupanda na kushuka pamoja na bahari. Daktari hutafuta viluwiluwi vya mbu na chanzo cha homa za watoto. Bwana wa Maswali huenda nyumba kwa nyumba akiuliza nani hunywa maji wapi, na kwa nini. Wote watatu wataka maji ya chini kabisa, na maji ya chini hayapatikani ila mtu ashuke. Sisi ndio tunaoshuka. Yeye alishika kamba, na hakuna aliyeshuka mikononi mwake akashindwa kupanda.

Ni mtu wa mzaha. Siku moja alisahau chupa ya viluwiluwi ndani ya kofia yake, akaenda nayo msikitini. Alipoinama kurukuu, chupa ikabingirika mpaka mbele ya imamu. Bi Mwanakuu, mwenye nyumba tuliyopanga, alizoea kutuchokoza: "Nyinyi mwapima maji miaka nenda miaka rudi, hayajaisha tu?" Yeye akamjibu, "Yamekwisha zamani, Bi Mkubwa. Haya tupimayo sasa ni jasho letu."

Jambo moja tu hakulifanyia mzaha. Mtu akiwa ndani ya kisima, haitwi jina lake. Huitwa Mgeni. Alisema wazee wake walimfundisha kwamba kisima kikilisikia jina na mwenyewe akaitika, kisima hulishika. Sisi tulicheka, lakini tulitii, kwa kuwa uhai wetu ulikuwa kwenye kamba yake.

Wakati wa vita Kilindini ilijaa manowari, maji ya bomba hayakutosha, na visima vingi vya zamani vilifunguliwa tena. Ndipo alipoletwa Bwana wa Maswali, kijana mpole, asiyependa mtu adharauliwe. Alipotusikia tukiitana Mgeni alidhani ni dharau kwa wanaoshuka. Mchana mmoja mwenzetu Kadenge alikuwa chini ya kisima cha uani, akisugua mawe. Bwana akainama juu ya ukingo, akamwita kwa heshima zote, kwa jina lake, kwa lafudhi yake ya kigeni: "Kadengi! Kadengi, hujambo huko?"

Kadenge akaitika. "Sijambo, bwana!"

 Mshika kamba alimvuta Kadenge juu upesi, akamfuta uso kwa kikoi chake mwenyewe.

Kesho yake, maji ya bahari yalipopwa, kisima kiliita. "Kadengi." Ilikuwa sauti ya Bwana wa Maswali, na lafudhi yake ile ile. Bwana mwenyewe alikuwa ghorofani, akashuka ngazi mbio kutazama ni nani anayemwigiza. Alipofika uani kikaita tena, naye akasimama pale, kiganja juu ya mdomo wake, kama mtu anayehakikisha kuwa haukufunguka. Bwana wa Maji akaeleza kwamba ni hewa, inapita kwenye matundu ya matumbawe bahari inaposhuka. Bi Mwanakuu akamwambia, "Hewa, naam. Na hewa hii, nani aliyeifahamisha jina la Kadenge?" Kwa mara ya kwanza hapakuwa na aliyecheka.

Tangu hapo kila maji yakipwa Kadenge aliacha kazi akaenda kisimani. Hakukimbia. Alikwenda kama mtu aitwaye na mkubwa wake. Tulimkuta ameketi ukingoni, miguu ndani, na tulipomshika alisema tu, "Naitwa." Mkewe, Ketty, alikuja kutoka Jomvu kumchukua. Nyumbani nako akageuza uso upande wa mji na kuanza kutembea, hata Ketty akamrudisha kwetu akilia. Ikawa twamfunga kwenye nguzo kwa kamba ya kazi bahari inaposhuka. Alikonda. Daktari alimpima, asione ugonjwa wowote, akasema waziwazi kwamba akiendelea hivyo atakufa.

Mshika kamba aliomba ruhusa ya nusu siku. Alivaa kanzu safi, akanipa mimi kamba, akanionya nisimwite kwa lolote. Akashuka. Tulisikia sauti yake ikizungumza taratibu, kama mtu anayepatana bei dukani na mwenye duka asiyejibu. Kisha tulimsikia akitaja jina lake, na la babake, na la babu yake. Halafu akaitikisa kamba. Nikavuta.

Nimebeba magunia bandarini miaka, uzito naujua. Ile kamba ilikuwa na watu wawili. Nilivuta mpaka karibu na juu, ndipo ikawa ya mtu mmoja, ghafla, nikaanguka chali. Yeye akatoka, kanzu yake kavu. Akamfungua Kadenge kwenye nguzo. Akasema, "Tangu leo, mimi ndiye Mgeni."

Kisima hakijamwita Kadenge tena. Kinamwita yeye, na kinamwita kwa sauti yake mwenyewe.

Miaka mitano sasa amefanya kazi hatua chache kutoka kisima hicho, akiitwa, asigeuze shingo. Nyumbani mkewe humwita Baba Zein. Siku ya mshahara karani huita majina ya wengine wote, naye hujitokeza mwisho, akisema aliyebaki ndiye yeye. Tulimshauri aache kazi mapema. Alikataa. Alisema akiondoka yeye, nani atakayewaita watu Mgeni?

Mengi ya kazi yetu yamepita mikononi mwake. Visima vya mji sasa vina vifuniko vya wavu, na Daktari asema homa imepungua. Hayo yatasomwa na wakubwa, na watayasema vizuri kuliko mimi. Mimi nasema lililo langu. Mzee amechoka, na mtu aliyechoka huitika. Wiki iliyopita tulikuwa tunafagia ua kwa ajili ya sherehe. Kisima kikamwita. Nilimwona ameacha ufagio na kufungua kinywa, kwa upole, kama mtu anayetaka kusema labeka. Kadenge akaanza kuimba kwa sauti ya kupasua masikio, akamkokota mpaka barabarani.

Wakubwa walipanga jina lake lisomwe mara tatu Jumamosi, na sisi sote tuitike. Saa hiyo maji yatakuwa yamepwa. Nimewaomba waache, nao wamekubali, Bwana wa Maswali akiwa wa kwanza kukubali. Nanyi nawaomba hivyo hivyo. Mnaolijua jina lake, liacheni nyumbani. Pigeni makofi. Makofi hayana jina.

Atakwenda kukaa Ganjoni kwa bintiye Mwanaesha, ambako maji ni ya bomba. Kadenge ameomba kumsindikiza, na ataimba njia nzima. Kamba nitaishika mimi. Kisima kikiita nitakuwa karibu, na hapana atakayeitika.

Ahsante, Mgeni, kwa wote uliowapandisha. Mungu akupe siku nyingi, usingizi mzuri na chai ya tangawizi. Na huko uendako, akikuita mtu awe mjukuu wako, naye akuite Babu.