Lango Lililobaki Kwenye Boksi

Mheshimiwa mgeni rasmi, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Ndugu Mkandarasi, wazee wetu, shikamooni. Walimu, wazazi na wanafunzi wenzangu:

Mimi ni Yusra Kibwana wa kidato cha tatu. Sijazoea kusimama mbele za watu, kwa hiyo nitasoma nilichoandika. Nimetumwa na klabu yetu ya shule kuwaelezea modeli ya lambo tunalolifungua leo, hii mnayoiona mezani.

Vipande vyake, pamoja na miti na ng'ombe wa plastiki, vilikuja kwenye boksi kutoka ofisi ya mkandarasi, Manundu, Korogwe. Kazi yetu ilikuwa kubandika, kupaka rangi na kuamua tuongeze nini. Hapo ndipo tulipogombana. Mwenzetu Ukasha alitaka bata, nyasi, hata kamba ya kuanikia nguo. Mwalimu Hosiana, ambaye tunamshukuru kwa uvumilivu wake, akatuambia, "Wekeni kile tu ambacho mtu akikikosa atauliza kiko wapi."

Tukaanza kupunguza. Bata wakaondoka. Lakini miti, Ndugu Mkandarasi, mbona ulitupa mingi hivyo? Ni mingi kuliko iliyopo pale nje, na maelekezo yalisema yote izunguke uzio. Tulipoiondoa tukauona uzio vizuri. Ni uzio imara, tunaupongeza. Ndama hapiti. Mama yake ndama naye hapiti.

"Yusra," akasema Taiyo, ambaye kwao ni wafugaji, "hawa ng'ombe wa plastiki wana bahati. Hawasikii kiu."

Chini kabisa ya boksi tukakuta lango moja pana, wakati uzio umeshakamilika bila lango hilo. Tukamuuliza msimamizi wa ujenzi. Akacheka. "Hilo la ziada, wadogo zangu. Pambo tu."

Je, wazee wangu, kwenye mkutano wa kijiji hamkukubaliana kwamba mifugo itaingia kunywa maji? Kama mlikubaliana, kwa nini asubuhi hii tumezunguka lambo lenyewe tukakuta kimlango cha mtu mmoja tu, tena kina kufuli?

Labda nina wasiwasi wa bure, na nikikosolewa nitakubali. Lakini ng'ombe wa kina Taiyo wasipoingia hapa watashuka mtoni, na njia ya mtoni inapita kwenye mahindi ya mama yangu. Siku hiyo mimi na Taiyo tutakatazwa hata kukaa dawati moja.

Ndiyo maana modeli yetu haijakamilika. Mheshimiwa, lango hili hapa, na wembe huu hapa. Kabla hujakata utepe, tunakuomba utuoneshe, mbele ya wazazi wetu wote, tuukate uzio mahali gani. Ukisema si lazima, tutairudisha miti yote.

Nawashukuru nyote mlionisikiliza. Sirudi kukaa, nasubiri jibu hapa hapa.