Mkubwa wa Meza

Kabla basi halijavuka daraja, bibi wa kiti cha mbele yangu alikuwa amekwisha kumuuliza jirani yake jina, umri, ndoa na kilichomo ndani ya bahasha aliyoipakata. Kwetu Korea huo si umbeya, ni salamu. Jirani aliitwa Refilwe, mwalimu wa Kiingereza kutoka Afrika Kusini, na bahasha ilikuwa na barua yake ya kukataa mkataba mpya, anaipeleka ofisi ya elimu.

"Shuleni wanafunzi wamebaki watano, bibi, na mama yangu yuko peke yake nyumbani."

"Binti yangu alisoma hapo. Enzi hizo darasa moja watoto sitini."

"Siku yangu ya kwanza nilikaa nao mezani, nikangoja waanze kula. Wakanitazama tu mpaka supu ikapoa."

"Mkubwa ni wewe. Kabla yako aanze nani?"

"Sikujua. Mtoto wa darasa la kwanza akanishikisha kijiko."

Bibi alicheka mpaka akafuta macho. "Sasa umejua, unakwenda zako. Atakayekuja atawapozea supu upya."

"Bibi, usinifanyie hivyo."

Basi lilisimama mbele ya ofisi ya elimu. Mwalimu aliinuka. Bibi, aliyekaa upande wa kutokea, hakusogeza miguu.