Blandina Vedasto Lohay: Mtu Asisemwe Akiwa Hayupo

Marehemu Blandina Vedasto Lohay alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 katika kijiji cha Rhotia, siku hizo kikiwa bado wilaya ya Mbulu. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watano wa mzee Vedasto Lohay na mama Lusia. Mama yake husema mtoto huyo alijua kuuliza "kwa nini" kabla hajajua kuomba maji.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, akaendelea na sekondari, kisha chuo cha ualimu, alikohitimu mwaka 1989. Alifundisha Kiswahili na Uraia huko Mbulumbulu kwa miaka ishirini na miwili. Alipowaaga, wanafunzi walimzawadia kengele ya mkono ya shule, ile yenye mpini uliofungwa mpira wa baiskeli. Huenda walitaka tu kupumzika na mlio wake.

Tarehe 9 Januari 1993 alifunga ndoa na Elirehema Swai, kijana wa Machame aliyekuja Karatu kuuza vipuri vya magari ya watalii. Siku ya posa, wazee wa pande zote mbili walikaa sebuleni wakizijadili tabia za Blandina, mwenyewe akiwa jikoni anasonga ugali. Akatoka na mwiko mkononi. "Shikamooni wazee wangu. Mnanijadili, na mimi niko jikoni? Si mniulize mwenyewe?" Mjomba mmoja kutoka Machame alianza kutafuta kofia yake aondoke. Elirehema anasema hapo ndipo alipojua kwamba harudi kwao bila binti huyu.

Mwaka 2012 kituo kidogo cha televisheni kilifunguliwa ghorofani, juu ya duka la pembejeo mjini Karatu, kikawa kinatafuta mtu wa kuwabana wakubwa bila kuwatukana. Wakamchukua mwalimu. Kipindi chake, Meza ya Alhamisi, kilizungumzia bei ya vitunguu, barabara ya Digodigo inayokatika kila masika, ajira za vijana kwenye utalii na ahadi za wakati wa kampeni. Mgeni akianza kulipiga chenga swali, Blandina alitikisa kengele. Kuna diwani aliyeisikia akakaa wima na kukunja mikono mezani, kumbe alikuwa mwanafunzi wake wa darasa la tano. Mji mzima ulicheka, na diwani akajibu swali.

Lakini mwezi Oktoba 2017, mwaka wa ukame, Blandina alikosea. Aliendesha mjadala kuhusu ng'ombe waliokufa Soitsambu, kwa wafugaji wa Kimaasai. Wageni wake watatu, wote watu wa Karatu, walisema wafugaji wanang'ang'ania mifugo mingi wala hawashauriki. Naye akaitikia, "Wenzetu hao ni wagumu kusikia."

Siku ya nne mama mmoja mfugaji, Sintamei, alishuka kwenye basi kutoka Soitsambu na mwanawe Moloimet, akapanda ngazi hadi studio. Alizungumza Kiswahili cha taratibu. "Mama, watu wakikaa wanamsema mtu, na mwenyewe hayupo, huo ni msiba. Mimi nimekuja uone sijakufa. Ng'ombe nimepeleka mnadani mara mbili. Mnada umefungwa, wanasema kuna ugonjwa wa miguu na midomo, hakuna kuuza. Sasa nipeleke wapi? Wewe uliniuliza?"

Hakuwa amemuuliza. Blandina aliona aibu kuliko siku zote za maisha yake, maana yalikuwa ni maneno yake mwenyewe ya jikoni, yamemrudia kwa basi.

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Alhamisi iliyofuata aliomba radhi hewani, akamketisha Sintamei kwenye kiti cha mtangazaji, mwenyewe akakaa cha mgeni. Saa nzima hakusema zaidi ya "Endelea, yeyo," akimwita mama kwa Kimaasai. Tangu siku hiyo hakujadili tena mtu asiyekuwepo. Kamera ilifika Digodigo na Ololosokwan, mara nyingine juu ya lori la mahindi. Wakubwa waliodhani kutokuja ni kinga walikuta kengele imewafuata ofisini. Na mhusika asipopatikana kabisa, Blandina alitokea akasema, "Mwenyewe hayupo, leo hatuna neno," zikapigwa nyimbo za kwaya. Ndiyo maana watu wa Karatu wanaimba tenzi nyingi bila kushika kitabu.

Mwezi Novemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo. Alitibiwa Arusha na Moshi, na Januari 2025 akaomba arudishwe Rhotia. Wiki moja baadaye wanafamilia walikaa sebuleni wakinong'ona, wakiandaa wasifu huu. Kengele ikalia chumbani.

"Mnanijadili, na mimi niko chumbani?"

Mdogo wake Piusi, ambaye ndiye anayesoma maneno haya, aliingia na karatasi akamsomea. Palikuwa pameandikwa kwamba hakuwahi kukosana na mtu.

"Futa. Nimekosana na wengi, na wote watakuja kula wali. Na habari ya Soitsambu iko wapi?"

"Dada, msibani watu hawasomi makosa."

"Basi utakuwa unamsema mtu mwingine, Piusi. Na mimi nitakuwa nimelala hapo mbele, siwezi kukujibu."

Piusi alilia, lakini aliandika. Alipousoma tena tangu mwanzo, kengele haikulia.

Blandina alifariki nyumbani, Jumatano tarehe 12 Februari 2025, saa tatu asubuhi, Elirehema akiwa amemshika mkono. Ameacha mume, watoto wawili, Brian na Clara, wajukuu watatu, mama yake mzazi Lusia na wadogo zake wanne. Sintamei alifika jana kutoka Soitsambu, na ameketi pamoja na wanafamilia.

Maneno ya tangu siku hiyo ya chumbani hadi hapa ndiyo pekee ambayo hakuyasikia. Kengele yake iko juu ya jeneza. Piusi atanyamaza kidogo sasa, kama dada yake alivyowapa wageni wake nafasi ya kujibu. Kengele isipolia, Dada, tutajua kwamba tumekusema ukiwepo. Pumzika kwa amani.