Daktari Aliyeuliza Namalwa Anameza Dawa na Nini

Pale mtaa wa Satellite, Nairobi, mbele ya bucha ya Dedan, kuna benchi ya mbao imefungwa mguu na waya. Asubuhi mapema, kabla Dedan hajafungua, hiyo benchi ni ya watu wa kahawa. Nyakio muuza kahawa anakaa kwa kastuli kake, birika la kahawa ya tangawizi liko juu ya jiko. Huku mwisho anakaa Njuguna mwenye ploti ya vyumba vya kupangisha, wanamwita Meya kwa sababu hakuna kitu hajui. Kule mwisho ni Ogutu fundi wa magari, huyo jina lake ni Spana. Na hapo kati yao, na sweta na leso mbili na soksi hata jua likiwaka, ni Mama Namalwa. Miaka mingi walikuwa wanamwita Korasi, maana akianzisha wimbo kanisani hata mabati yalikuwa yanaitika. Wameacha kumwita hivyo. Sauti ilipotea, uso ukafura, nywele zikawa zinabaki kwa kitana, na usingizi unamkuta hata akimenya viazi. Leo asubuhi amemeza dawa yake na maji, halafu kikombe cha kahawa akakirudisha.

— Kwani umeokoka mara ya pili? Meya akasema.

— Nangoja kidogo. Ni daktari wa jana amesema.

— Yule wa kukuambia upunguze chapati?

— Huyo tuliachana. Na yule wa kusema ni uzee. Na yule alikuwa anaongea na kompyuta mimi nikiwa hapo kama kiti. Nasema huyu wa Kilimani, wa mambo ya tezi.

— Tezi ndio nini? Spana akauliza.

— Ni kitu iko hapa shingoni. Ndio inaambia mwili amka, pata joto, fanya kazi. Yangu imezembea. Hiyo nilijua kitambo, si ndio maana nimekuwa nikimeza dawa tangu mwaka jana? Lakini sikuwa napona. Nikirudi kulalamika wananiambia ni mawazo.

— Na huyu amefanya nini mpya? Meya akauliza.

Namalwa akazikaza leso zake mabegani. Alikuwa bado anaiona ile ofisi. Daktari mwenyewe ni msichana, angekuwa mjukuu wake. Alitoa kiti chake nyuma ya meza akakileta karibu, magoti na magoti. Alipotaka kumshika shingo, kwanza alisugua mikono yake mpaka ikapata joto, akasema, "Najua wewe huwa unasikia baridi." Akasimama nyuma yake, akamwambia ameze maji pole pole, vidole viko kooni kama mtu anatafuta kitu amepoteza gizani.

— Aliniuliza kabla niugue nilikuwa napenda kufanya nini, akasema. Nikamwambia kuimba. Akaniambia, basi niimbie.

— Hapo ofisini?

— Hapo hapo. Ikatoka kama mlango wa kutu. Hakucheka. Akasema sauti iko, imelala tu, tutaiamsha. Nikalia kama mtoto, akanipa tishu akangoja nimalize. Halafu ndio akaniuliza, "Shosho, hiyo dawa unameza na nini?"

Wote wakaangalia birika.

— Nikamwambia ukweli. Na kahawa ya Nyakio. Si ni nyinyi mlikuwa mnanikumbusha kila asubuhi? Meya anauliza nimemeza, Spana ananipa kikombe nisukumie.

Nyakio akaacha kuchochea makaa.

— Kwa hivyo kahawa yangu ni sumu.

— Hakusema sumu. Alisema kahawa inashikilia dawa mlangoni, haiingii mwilini. Nimeze na maji, tumbo tupu, nikae kama lisaa hivi ndio nikunywe. Hata kunikataza hakunikataza, maana aliona uso wangu. Nikifuata hivyo, nikirudi kupimwa damu ataona kama tunaelekea pazuri.

Spana akapuliza kikombe chake.

— Huyo msichana babake ni mekanika, nakuapia. Gari ikikataa, mjinga anaongeza mafuta. Fundi anauliza, uliweka mafuta gani?

— Wacha hadithi, Meya akasema. Alikuwa na nafasi kwa sababu hana wagonjwa. Daktari mwenye kazi hawezi kusikiza mtu akiimba.

— Watu walikuwa wamepanga laini mpaka kwa ngazi, Namalwa akasema. Na kila mtu anatoka akipanguza macho.

— Basi iko namna ingine, Meya akasema. Huyo ni mtoto wa wakulima wa kahawa huko Kiambu. Kahawa ilitesa babu yake, ikatesa babake. Sasa yeye amesomea udaktari ndio alipize kisasi.

— Na wewe ulikuwa unapanda kahawa, unalipiza kisasi kwa nani? Spana akauliza.

— Mimi nilikata kahawa nikajenga vyumba.

Nyakio akasema yeye anajua. Kuna mama alikuja hapa juzi amejifunika leso mpaka pua, akaitisha kahawa, akaionja, hakuimaliza.

— Huyo ndiye daktari, akasema. Alikuja kuchunguza kabla mgonjwa hajafika.

— Atoke Kilimani alfajiri kuonja kahawa yako? Spana akauliza.

— Kwa nini asitoke? Si ni daktari mzuri hivi?

— Kama ni hivyo basi si mtu. Ni malaika.

— Malaika wa kupanga laini kwa ngazi, Meya akasema. Lakini sikatai. Koti nyeupe alikuwa nayo?

— Alikuwa nayo, Namalwa akasema.

— Mnaona.

Wakacheka, na Namalwa akacheka na kale kasauti kadogo kamebaki. Roho yake ilikuwa nyepesi kwa yule msichana, alitamani angekuwa hapa awaone. Lakini Meya akaangalia saa ya simu.

— Sasa lisaa limoja, Mama. Likiisha Spana ameenda gereji, mimi niko kwa ploti, Nyakio amefunga. Utakunywa na nani, na nyama ya Dedan? Si umeze ukiwa kitandani.

— Nimejaribu. Nikimeza alfajiri nalala tena, nikiamka sijui kama nilimeza. Nyinyi ndio mnanikumbusha.

— Basi onja kidogo. Daktari haoni.

Akamnyooshea kile kikombe alichorudisha. Harufu ya tangawizi ikamfika Namalwa mpaka machoni. Aliwaza jambo hilo njia nzima kutoka Kilimani. Watu wa hii benchi ndio walibeba jeneza la mumewe Isaiah, Spana mbele, Meya nyuma, Nyakio akichemshia matanga kahawa. Kukaa hapa mikono mitupu wengine wakinywa ni kama kuwa mgeni kwako mwenyewe. Lakini jana aliisikia sauti yake ikijaribu kutoka.

Akakisukuma kikombe pole pole.

— Labda nikae nyumbani mpaka nipone, akasema. Nikishaimba, nitarudi.

— Uache benchi? Spana akasema.

— Nikiwa hapa nitakunywa. Mimi najijua.

Hapo ndio akafika msichana mmoja mwenye begi ya ofisi, Shiku, amehamia ploti ya Meya majuzi, anafanya kazi upande wa Muthangari. Akasalimia wote, akaitisha kahawa ya kubeba. Akaona kila mtu ana kikombe isipokuwa shosho.

— Shosho hakunywi?

— Ana dawa, Nyakio akasema. Lazima angoje kama lisaa.

— Na nyinyi?

— Sisi hatuna dawa, Meya akasema.

Shiku akawaangalia, hana ubaya wowote, anauliza tu.

— Kwani ni lazima mkunywe sahii? Si mngemngoja?

Meya akaangalia kikombe chake, kitupu. Spana akaangalia njia ya gereji, halafu akaangalia kikombe chake, kilikuwa bado nusu, akakiweka chini kando ya mguu wa benchi.

— Mimi yangu nimeshamaliza, Meya akasema, sauti chini.

— Basi kaa tu, Nyakio akamwambia. Akalitoa birika kwa moto mpaka lisaa liishe.

Namalwa akasogea, Shiku akapata mahali pa kukaa angoje nao.