Mwalimu Subiri Anatuachia Maabara

Ijumaa hii, tarehe 29 Novemba, Mwalimu Subiri anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha kemia katika shule hii, karibu yote ndani ya maabara ile ile yenye masinki matatu na bomba moja tu linalotoa maji.

Alikuja akiwa kijana mwembamba, kwa ushahidi wa picha iliyopo ofisini, ambayo mwenyewe anaikana. Amekuwa mkuu wa idara, mlezi wa bweni, na kocha wa voliboli kwa muhula mmoja wa vipigo mfululizo. Wanafunzi wake wa zamani ni manesi na wafamasia, na mmoja ndiye mwalimu mkuu wetu wa sasa, ambaye mpaka leo akimwona anachomekea shati.

Subiri ni jina la utani lililotokana na ufundishaji wake. Hakuna anayegusa chupa kabla hajasema kwa sauti anatarajia kuona nini. Niseme ukweli, mimi ni mtu wa aibu, na nilikuwa naomba kengele ilie kabla zamu yangu haijafika. Tunasoma kwa Kiingereza, na Kiingereza changu hukimbia nikitazamwa. Siku moja aliniinamia akasema, "Wewe kisia kwa Kiswahili. Asidi haichagui lugha." Tangu hapo nakisia kwa Kiswahili, naandika kwa Kiingereza, na nakosea kwa zote mbili bila kutetemeka.

Mwaka huu amechoka, wala hafichi. Goti moja limegoma kukunjika, na ikifika alasiri sauti inamwishia. "Wanangu," alituambia, "miaka yote hii na bado sijui mtu anaelewaje. Naona tu uso umebadilika, nashukuru, naenda nyumbani."

Nasi tumechoka kwa wasiwasi. Mtihani wa vitendo ni muhula ujao, na mwalimu wa kuchukua nafasi yake hajapatikana. Tumeambiwa kwa upole tujisomee kwanza.

Jumanne, katika kipindi chake cha mwisho, alitupa jaribio tulifanye peke yetu: kudondosha asidi kutoka kwenye mrija hadi chupa yenye kimiminika cha waridi, tone kwa tone, mpaka rangi ipotee, kisha kusoma kiasi cha asidi iliyotumika. Akaketi nyuma, akasinzia. Tulipomaliza, vikundi vitatu vilikuwa na majibu matatu.

"Mwalimu, jibu sahihi ni lipi?" aliuliza kijana tunayemwita Profesa, maana hanyamazi.

Akafumbua jicho moja. "Mnaniuliza mimi? Mimi nilikuwa nimelala."

"Lakini unajua, mwalimu!"

"Leo najua. Muhula ujao mtamuuliza nani?"

Nilichungulia chupa yetu, nikasikia sauti yangu ikisema kwamba sisi tumezidisha. Rangi ilipopotea hatukuamini, tukaongeza asidi ili tuwe na uhakika, na ukishapita pale maji ni meupe tu, hakuna kinachokuonyesha kwamba umepita.

"Kumbe!" Profesa akaruka. "Hata sisi tuliongeza!"

"Ninyi mliongeza kikombe kizima," wakamcheka wa kundi la dirishani, kisha wakagundua mrija wao wa asidi ulikuwa na hewa iliyopotosha kipimo chao.

Tukarudia. Vikundi viwili vikakubaliana, cha tatu kikakataa katakata, na maabara ikawa kelele tupu, kila mtu akieleza alichoona. Sijui Mwalimu alitoka saa ngapi. Nilipotazama dirishani alikuwa amefika katikati ya uwanja, akitembea taratibu kwa lile goti, na hakugeuka.

Mwalimu, asante kwa kutungoja tulipokuwa wazito. Tunakuombea afya, na usingizi mrefu wa mchana usiokatizwa na mtu anayetaka jibu. Pumzika salama nyumbani. Kundi la tatu bado linakataa, na kesho tunarudi maabara kumaliza ubishi huo.