Mwalimu wa "Mumesikia?"

Jumapili tarehe 29 Septemba 1985, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha darasa la ubatizo katika kanisa letu la Lubunga, Papa Célestin anastaafu. Kitambulisho chake kinamwita Raia Lifoko, na sheria iliyofuta majina ya Kikristo na kutuita sote Raia tunaiheshimu. Lakini mtu aliyekurudishia swali la tatu mpaka ukatokwa machozi, utamwitaje Raia?

Alitufikia kutoka Ubundu, kijana mwembamba mwenye sauti nene. Kila somo alilifunga kwa neno moja, "Mumesikia?", nasi tukaitika, "Tumesikia!" Asiyejua majibu hakuingia mtoni kubatizwa, awe mke wa mkubwa au dada wa pasta. Huyo dada wa pasta alisubiri miaka miwili.

Alihoji watu hata ndani ya mtumbwi wakati wa kuvuka. Asumani, mpiga kasia wake, Mwislamu wa swala tano, aliyashika majibu yote bila kukusudia. Papa alipompima, hakukosea hata moja, kisha akashukuru na kusema msikiti wake unamtosha. Papa alicheka wiki nzima.

Fahari yetu kubwa, hata hivyo, ni habari ya Désiré, mwana wa Mama Adèle. Kijana huyu hasemi, wala mafundisho hayaelewi. Kila mwaka mama yake alimleta darasani, na kila mwaka Papa alimkatalia ubatizo. Mama Adèle alikuwa mgonjwa wa moyo, na hofu yake ilikuwa moja tu: afe, halafu mwanawe azuiwe mlangoni mwa mbingu kwa sababu ya maswali.

Ndipo Papa akafiwa na mkewe, Mama Georgette. Baada ya matanga alirudi ubaoni macho makavu, kana kwamba hakuna lililotokea, nasi tukajifanya hatuoni. Désiré akainuka, akamtoa chaki mkononi, akaushika ule mkono, akalia. Mama Adèle akasema kutoka mlangoni:

"Papa Célestin, mutoto yangu anasikiaka. Njaa anasikia, baridi anasikia, na leo amesikia uchungu yako. Alors, unataka asikie nini tena?"

Papa aliketi, akalia naye.

Wazee wa kanisa walibishana sana. Atabatizwaje asiyeelewa? Mlinzi mwenyewe wa maswali akawasomea habari ya mwenye kupooza aliyeshushwa kupitia paa: Yesu aliiona imani yao, wale waliombeba. Mzee Faustin hajakubali mpaka leo, lakini pasta alikubali.

Siku ya ubatizo pasta aliuliza, "Umesikia Habari Njema?" Désiré alikuwa akiyachekea maji. Papa, aliyesimama naye mtoni hadi kiunoni, akajibu kwa ile sauti nene, "Tumesikia."

Mama Adèle alipiga vigelegele ukingoni mpaka akakaukiwa na sauti. Alifariki mwaka uleule, bila ile hofu yake, akamwachia Papa kijana. Wanaishi pamoja hadi sasa, na anayepika ugali ni Papa, kwa hiyo tumwombee Désiré.

Asante, Papa, kwa ukali wako, na asante zaidi kwa siku ulipoushinda. Mungu akupe miaka mingi ya kupumzika, na samaki wasipungue mezani kwako. Jumapili utuulize kwa mara ya mwisho. Tutaitika sote, na wa kuipokea tena chaki mkononi mwako tunamjua.