Masunga Nkwabi na Mawe Saba

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Leo siwaanzii na wimbo. Najua mmezoea nipige muziki kwanza ndipo nizungumze, na wengine mmeshaanza kuguna huko mliko. Guneni tu. Marehemu tunayemkumbuka leo asingenisamehe. Kwake yeye maneno yalitangulia, mdundo ukaja nyuma.

Ni Masunga Nkwabi. Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi: Masunga Nkwabi wa Kasansa, kule Mpimbwe, mwenye kibanda cha kurekodi kaseti karibu na stesheni ya Mpanda. Amefariki Jumanne iliyopita kwa maradhi ya figo, akiwa na miaka hamsini. Alhamisi tumemzika Kasansa. Nilikuwepo, na nitawaambia nilichokiona. Lakini twende taratibu.

Kama uliishi Mpanda miaka ya tisini na ulikuwa na kaseti, kibanda kile unakijua. Unapeleka kaseti tupu na karatasi yenye orodha ya nyimbo, kesho yake unachukua. Sasa kwa Masunga kulikuwa na mtihani. Anakuuliza, "Huu wimbo unasemaje?" Ukijibu kwamba una mdundo mkali, anakurudishia kaseti yako. Eti nenda kasikilize tena! Watu walikasirika weee. Mke wake, Mama Dorotea, ameniambia kuna siku mteja alitaka kuvunja mlango. "Nikamwambia, baba, sisi tunatafuta riziki, wewe unafukuza watu," anasema Mama Dorotea. "Akacheka tu. Akaniambia watarudi." Na kweli walirudi.

Tabia hiyo hakuzaliwa nayo. Aliipata uwanjani Kasansa, siku moja ya Jumamosi, mwezi wa saba mwaka 1996. Aliipata kwa kushindwa mbele ya watu.

Masunga alizaliwa Maswa, kwa Wasukuma wafugaji. Mwaka 1984, akiwa na miaka kumi, baba yake Mzee Nkwabi alihamisha familia na ng'ombe, wakashuka kwa miguu hadi Mpimbwe. Miezi mitatu porini, na mbung'o juu yao. Walipofika walikuwa pungufu. Ng'ombe wengi walikufa. Na mdogo wake Masunga, binti wa miaka sita aliyeitwa Kabula, naye alikufa kwa homa, porini upande wa Inyonga. Walimzika kando ya njia wakampangia mawe, na asubuhi wakaondoka kwa sababu ng'ombe walihitaji maji. Tangu siku hiyo Mzee Nkwabi hakulitaja jina la Kabula. Na kama mzee hataji, nani mwingine atataja? Nyumba nzima ikanyamaza miaka kumi na miwili.

Masunga alipokua akakimbilia mjini. Zizi halikumfaa. Treni ya kutoka Tabora ilikuwa ikileta kaseti, na kwenye kaseti hizo akakutana na rap. Enzi hizo tukiiita kufokafoka, mnakumbuka? Kijana alipagawa. Alikariri nyimbo za Wamarekani mwanzo hadi mwisho, Kiingereza kinamtoka kama maji, na maana yake anaijua nusu.

Mpinzani wake alikuwa Mwalimu Apollinarie. Huyu alifundisha darasa la saba Kasansa. Gitaa alijifunza seminari, na padri mmoja mgeni alimwachia sanduku la kaseti za roki. Kila mwisho wa mwezi alipanda lori la mchele kuja mjini kufuata mshahara, na kila mwisho wa mwezi hakukosa kupita kibandani ili wabishane. Walibishana miaka miwili, jambo lilelile moja: kati ya rap na roki, ni muziki gani wenye maneno ya maana?

"Nyie watu wa kufokafoka mnagombana na nani?" mwalimu alimwambia. "Roki ni shairi. Mtu ameumia, anakaa na gitaa lake, anasema alivyoumia. Nyie mnafoka kama watu wanaogombea foleni bombani."

"Mwalimu, acha bwana! Roki yako ina maneno kumi, halafu gitaa linalia dakika tano. Mimi kaseti nzima nasema. Sasa mwenye maneno hapo ni nani?"

"Maneno mengi hata kasuku anayo."

Siku moja Mzee Nkwabi alikuja mjini kumfuata mwanawe. Miguu ilishaanza kumsumbua, alitaka mtu wa kuchunga. Akawakuta katikati ya ubishi. Sasa Mzee Nkwabi si mtu wa kupuuza jambo hilo hata kidogo. Ujanani alikuwa mtunzi wa nyimbo katika ngoma za Bagika. Kwa wasiojua, Wasukuma wana makundi mawili makubwa ya ngoma, Bagika na Bagalu, na wakishindana hakuna kupeana maksi. Wote wanaanza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, huyu upande huu na yule upande ule. Watazamaji wanakwenda wanakovutwa. Mwisho unaangalia umati uko wapi, basi.

"Mnachoshana midomo bure," mzee akawaambia. "Neno lenye maana hupimwa uwanjani. Njooni Kasansa baada ya mavuno." Kisha akamgeukia mwanawe. "Watu wakija kwako, ng'wanawane, baki mjini na makelele yako, sitakuita tena. Wasipokuja, unarudi kwenye ng'ombe."

"Nimekubali, baba," akasema Masunga. Alikubali papo hapo, jinsi alivyojiamini.

Shikeni hapo, wasikilizaji. Masunga akishinda, anabaki na kibanda chake. Akishindwa, anarudi zizini. Hicho ndicho kilichokuwa mezani.

Jumamosi ikafika. Uwanja wa shule ukajaa watu wa Kasansa yote, Wapimbwe na Wasukuma, hata waliokuwa wakianika mpunga waliuacha. Upande wa mashariki akasimama mwalimu na gitaa lake na spika ya kuazima iliyofungwa kwenye betri ya gari. Upande wa magharibi akasimama Masunga na radio-kaseti ya betri nane, ya kumpigia mdundo. Saa waliyotumia ni kaseti ya dakika sitini, upande mmoja tu. Ikikatika, mwisho. Mzee Nkwabi alikaa katikati kwenye kigoda, maana mwamuzi haegemei upande.

Lakini mwamuzi naye ni baba: kabla hawajaanza, mzee alimwita mwanawe pembeni akampa mizizi ya kuvuta watu, kama wafanyavyo wacheza ngoma. Masunga akakataa, watu wakiona. "Baba, maneno yangu yana maana. Hayahitaji mizizi."

Basi akaanza. Kwa Kiingereza! Jamani, kwa Kiingereza, Kasansa, mwaka 1996! Alifoka habari za mitaa ya New York mbele ya watu waliokuwa wakiwaza bei ya mpunga. Dakika kumi tu, umati umeshahamia kwa mwalimu. Naye mwalimu alikuwa akiimba Kiingereza vilevile, habari za mwanaume aliyeachwa na mchumba kwenye mji wa baridi, lakini gitaa lilikuwa likilia vizuri sana na akina mama walishaanza kucheza. Mzee mmoja akapiga kelele, "Masunga! Ungekubali mizizi!" Uwanja mzima ukacheka.

Masunga aliona aibu hadi masikio. Aliona zizi linamsubiri. Dakika ishirini zimepita, mbele yake wamebaki watu saba na mbwa. Ndipo akafanya kitu ambacho mwenyewe alisema hakukipanga. Alizima mdundo. Akamtazama baba yake pale kwenye kigoda, akafoka kwa Kiswahili, polepole, bila muziki wowote:

"Tulitoka Maswa na ng'ombe, baba akimjua kila mmoja kwa jina,
mbung'o wakatufuata, na maji njiani hakuna.
Kabula akabaki porini, mawe saba tukampangia,
asubuhi ng'ombe wakahesabiwa, sisi watoto hatukuhesabiwa."

Akarudia. Akarudia tena. Shingo zikaanza kugeuka. Wachache wakavuka uwanja. Lakini kaseti haikumwonea huruma, ikakatika. Mzee Nkwabi akasimama, akatazama mashariki, akatazama magharibi. Umati mkubwa ulikuwa kwa mwalimu.

"Umeshindwa," akasema. "Jumatatu unatoka na ng'ombe." Akaondoka bila kumtazama mwanawe usoni.

Masunga alitii. Kibanda akakifunga, radio-kaseti akaifunika gunia. Akachunga wiki sita. Wiki sita hizo baba na mwana walisemezana mambo ya ng'ombe tu. Huyu anachechemea, yule apelekwe josho. La Kabula hakuna aliyeligusa. Masunga aliwahi kumwambia Mama Dorotea kwamba kushindwa hakukumuuma hivyo. Kilichomuuma ni kwamba alimtaja mdogo wake mbele ya kijiji kizima, na baba yake akanyamaza kama hakusikia.

Sasa mwalimu naye alikuwa na lake moyoni. Jumatatu ileile baada ya ushindi, aliingia darasani na furaha yake, akawagawia wanafunzi vipande vya karatasi. Akawaambia, "Andikeni maneno mnayoyakumbuka ya Jumamosi." Si alijua atasoma sifa zake! Wanafunzi arobaini na mmoja. Wawili waliandika kwamba gitaa lilikuwa zuri. Mmoja aliandika habari za maandazi. Thelathini na wanane waliandika habari za Kabula.

Nasema tena: thelathini na wanane kati ya arobaini na mmoja. Na wengi wao siku ile walikuwa wamesimama upande wa mwalimu.

Mwalimu Apollinarie alizificha karatasi zile. Mwenyewe hakatai. Ameniambia juzi, "Nilikuwa mshindi, mwanangu. Nani anapenda kutupa ushindi wake? Nilizifungia sandukuni wiki sita, na kila nikifungua sanduku kuchukua shati naziona. Nikashindwa kuvumilia."

Akapanda baiskeli hadi bomani kwa Mzee Nkwabi. Ilikuwa saa kumi jioni, ng'ombe wanarudi. Mzee hakujua kusoma, kwa hiyo mwalimu akakaa, akazisoma moja moja kwa sauti, huku Masunga amesimama mlangoni mwa zizi na fimbo yake. Mnajua watoto. Mmoja alikuwa ameandika kwamba Kabula alizikwa chini ya mawe sita.

"Saba," akasema Mzee Nkwabi.

Mwalimu akaendelea. Mwingine aliandika mawe tisa.

"Saba," akasema mzee. "Niliyabeba mwenyewe. La mwisho lilikuwa jekundu, nililitoa mtoni."

Masunga alikuwa hajawahi kuyasikia hayo. Miaka kumi na miwili hajawahi. Mwalimu akasoma zote thelathini na nane, na kila aliyekosea hesabu mzee alimsahihisha, hadi mwisho machozi yanamtoka waziwazi na hayafuti. Kisha akamwita mwanawe.

"Nilikwambia watu wakija kwako utabaki mjini. Niliangalia miguu yao. Nilikosea pa kuangalia. Wamekuja kwako, ng'wanawane. Kesho panda lori. Lakini kwanza tuimbie tena ya mdogo wako."

Na Masunga akafoka pale zizini, bila mdundo, baba yake akitaja jina la Kabula pamoja naye.

Hivyo ndivyo alivyorudi mjini. Ndiyo maana ulipokwenda na kaseti yako alikuuliza wimbo unasemaje. Alikuwa amejifunza pale uwanjani kwamba maneno ya kuazima huondoka na mdundo wake.

Sasa kuna watu watanipigia simu hapa studio kuuliza, kwa hiyo nani alishinda, rap au roki? Mimi sina kigugumizi: rap ilishinda. Mwalimu Apollinarie alinikatalia miaka yote. Alisema, "Roki haikushindwa. Nilishindwa mimi niliyeimba machungu ya watu nisiowajua." Na baada ya hapo alianza kutunga roki ya Kiswahili, habari za walimu na malori ya mchele. Nzuri, sikatai. Waliendelea kubishana kibandani kila mwisho wa mwezi mpaka kaseti zikaisha duniani, na hata baada ya hapo.

Niliwaahidi kuwaambia nilichokiona Alhamisi.

Kaburi la Masunga limechimbwa upande wa magharibi, jirani na ule uwanja. Mwalimu Apollinarie, mzee sasa, anatembelea mkongojo, alikuja na gitaa. Sote tulidhani atapiga. Akaenda kusimama peke yake upande wa mashariki, palepale ilipokuwa spika yake mwaka 1996. Watu wakanong'onezana, mzee amechanganyikiwa nini? Akaliweka gitaa chini. Akaanza kuvuka uwanja, hatua kwa hatua na mkongojo wake, na hakuna aliyethubutu kwenda kumshika mkono. Alipofika kaburini alikuwa anahema. Akamwambia rafiki yake, "Masunga, nimehama. Nimechelewa, lakini nimehama." Mama Dorotea akaangua kilio, na sisi wote tukalia naye. Gitaa lilibaki kule ng'ambo hadi tulipomaliza maziko.

Kwa Mama Dorotea, kwa watoto, kwa ukoo wote wa Nkwabi pale Kasansa, na kwako, Mwalimu Apollinarie, uliyefiwa na mpinzani wako: poleni sana. Mungu awatie nguvu, na ampumzishe Masunga mahali pema.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, nitawaomba kitu ambacho mtangazaji haruhusiwi kukiomba. Nikinyamaza, zimeni redio. Kaeni kimya kidogo. Jiulizeni katika nyimbo zote mlizocheza maishani, maneno gani yamebaki. Halafu muulizeni na mzee wenu nyumbani, kuna nani ambaye hatumtaji? Mtajeni, angali yupo wa kusahihisha hesabu.

Yalikuwa saba. La mwisho lilikuwa jekundu.